Picha Zinazosubiri

Ukimuuliza Redio, jirani wa mlango wa pili, atakuambia kwamba kompyuta ya mpiga picha ilipasuka. Atakuambia umeme ulikuja kwa kishindo saa nne asubuhi, moshi mweusi ukatoka dirishani, na binti wa mpiga picha akarushwa kutoka kwenye kiti mpaka mlangoni.

"Kwa macho yangu haya mawili," husema, huku akipanga vipande vya sabuni anavyouza barazani kwake. "Mtoto alitua chini kama furushi la nguo chafu. Mashine ikasema pu! Basi, picha za mtaa mzima zikaenda na moshi."

Jina la Redio alipewa na mtaa, na alilistahili. Wiki ya kwanza moshi wake ulitoka kidogo tu dirishani. Wiki ya pili ulikuwa umeshapanda juu ya paa, na wiki ya tatu kuna mtu aliyekohoa mpaka akalazwa.

Ukweli ni kwamba umeme siku ile ulitulia tuli, na Redio mwenyewe alikuwa sokoni tangu asubuhi. Aliyekuwa chumbani ni mmoja tu, yule binti, msichana wa miaka kumi na mitatu ambaye nyumbani na shuleni walimwita Chapu kwa sababu kila kazi aliifanya chapuchapu. Yeye alijua kilichotokea. Ndiyo maana kila Redio alipoanza hadithi yake, Chapu aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu.

Studio ya baba yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Ukutani palining'inizwa kitambaa cheupe, mbele yake kigoda, na pembeni taa mbili zenye miavuli. Kompyuta ilikaa dirishani pamoja na mashine ya kuchapishia. Kila siku Chapu akitoka shule alibadili sare, akala, kisha akafagia studio na kuhamisha picha za siku hiyo kutoka kwenye kadi ya kamera kwenda kwenye kompyuta. Baba alikuwa hodari wa kamera. Angeweza kumfanya hata mtu aliyetoka kugombana na mkewe atabasamu. Lakini mbele ya kompyuta mikono yake ilikuwa mizito. Aliandika kwa kidole kimoja, akiitafuta kila herufi kama anayetafuta sindano kwenye zulia.

"Mimi napiga, wewe unatunza," alikuwa akimwambia Chapu. "Sisi ni kampuni."

Picha zilipangwa kwenye folda. Kulikuwa na ya harusi, ya shule, ya vitambulisho, na moja ambayo Baba aliiandika mwenyewe kwa kile kidole chake: ZINASUBIRI. Humo ziliwekwa picha ambazo wenyewe walikuwa bado hawajaweza kuzitazama. Mzee mmoja fundi wa saa alipigwa picha akiwa pamoja na kaka yake, wakakosana kabla haijachapishwa. Mwanamke mwingine alifiwa na mume wiki moja baada ya kukaa naye kwenye kile kigoda. Baba hakuwasumbua. Alizitunza tu.

Ya mwisho kuingia humo ilikuwa ya Mama Pacha. Aliwaleta wanawe wakiwa na miezi miwili, wakalazwa kwenye kitambaa cheupe, mmoja akamshika mwenzake sikio na kukataa kuliachia. Baba alicheka mpaka kamera ikatikisika. Siku tisa baadaye mmoja wa wale watoto akafariki. Mama Pacha alikuja, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Usiitoe sasa," alisema. "Ndiyo pekee niliyonayo wakiwa wawili. Nitunzie. Siku nikiweza nitakuja."

"Itakusubiri, dada," Baba alimjibu. "Hata ikiwa miaka kumi, utaikuta."

Chapu alikuwepo. Aliyasikia maneno hayo kwa masikio yake.

Baada ya siku ile Baba akapata wasiwasi, akamwita dada yake. Shangazi alikuwa fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na posta, mwanamke wa maneno machache na bisibisi nyingi. Alikuja na diski ya nje, nyeusi, ya ukubwa wa kipande cha sabuni.

"Diski peke yake ni sanduku tupu," alisema. "Unahitaji programu ya kunakili picha na kuziweka humu kila siku. Hii hapa ni moja, nimeichukua kwa watengenezaji wenyewe. Ziko nyingine pia. Chapu, wewe ndiye mtunzaji. Zijaribu, uchague."

"Nitajuaje iliyo nzuri, Shangazi?"

"Usiangalie sura. Iulize maswali matatu, kama unavyomuuliza mtu anayeomba kazi. Ukishanakili, unarudi kusoma ulichonakili uone kama kinafanana? Ukishindwa, utaniambia? Na siku nikikuomba picha yangu, utanirudishia, hata kama ni kwenye kompyuta nyingine?" Akamtazama Chapu usoni. "Tena hata ukichagua, usiiamini kwa maneno yake. Kila Ijumaa toa picha moja kwenye diski hii, irejeshe, ifungue, itazame kwa macho yako. Kisha andika jina lake kwenye daftari. Kama hujawahi kuifungua, hujui kama unayo."

"Sawa, Shangazi. Hilo ni dogo."

"Madogo ndiyo yanayotushinda," Shangazi alisema, akabeba mkoba wake.

Jumamosi ile Chapu aliiwasha programu aliyoachiwa. Ilifanya kazi asubuhi nzima na nusu ya mchana. Nje rafiki yake, msichana aliyeitwa Miwani, alikuwa akidundisha mpira ukutani, du, du, du, akimngoja waende uwanjani. Hatimaye programu ikamaliza. Haikusema asante wala hongera. Iliandika kwa herufi nyekundu: *Faili thelathini na saba hazikusomeka. Kagua diski ya kompyuta.*

Jumapili akaianzisha upya. Safari hii ikaandika: *Faili arobaini na moja hazikusomeka.*

"Hii programu ina gubu," Chapu alimwambia Miwani. "Kila nikiigusa inalalamika. Nimeipa jina, naiita Mnung'unikaji."

Miwani akacheka, akatoa flashi mfukoni. "Achana na bibi kizee huyo. Chukua hii ya kaka yangu. Ni ya kulipia, lakini yeye ameivunja kufuli. Wewe iweke tu, halafu bonyeza folda inayoonekana hapo mbele kwenye skrini."

Chapu akaiweka, akabonyeza folda ya studio iliyokuwa mbele kwenye skrini. Haikupita dakika moja. Maputo ya rangi yakapanda kwenye skrini na maandishi ya kijani yakatokea: *Hongera! Kila kitu kiko salama.*

"Umeona?" Miwani akasema. "Dakika moja. Sasa twende, wenzetu wameshagawana timu."

Chapu akaifuta Mnung'unikaji. Alipokuwa akivaa viatu, jambo dogo lilimpitia kichwani: mbona picha za miaka sita zimeingia kwa dakika moja? Lakini mpira ulidunda tena, du, na wazo likarudi lilikotoka.

Jioni Baba aliuliza, "Umechagua?"

"Nimechagua, Baba."

"Umeijaribu kama alivyosema shangazi yako?"

"Nimeijaribu."

Ijumaa ya kwanza kulikuwa na mazoezi. Chapu alilivuta daftari, akaandika tarehe, na mbele yake: *Picha ya harusi ya seremala. Imefunguka. Iko sawa.* Hakuwa amefungua chochote. Alijiambia ataifungua kesho. Ijumaa ya pili aliandika jina jingine alilolitoa kichwani. Kufikia ya tatu hakujiambia chochote. Mkono ulikuwa umeshazoea. Aliandika mistari kumi na minne kwa Ijumaa kumi na nne, kwa mwandiko mzuri ulionyooka, na kila Jumamosi Baba alilitazama daftari, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akafuta kadi ya kamera ili aanze kazi mpya.

Siku ya mkasa ilikuwa Jumatatu ya likizo. Baba alikuwa ametoka kupiga picha za wafanyakazi wa kiwanda. Mama, ambaye ni muuguzi, alikuwa zamu. Saa nne kompyuta ilianza kugonga kwa ndani, tik, tik, tik, kama msumari unaogongwa kwenye kopo. Picha iliyokuwa kwenye skrini ikasimama, kisha skrini nzima ikawa nyeusi. Chapu akaizima, akaiwasha. Tik, tik, tik.

Redio alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka sokoni Baba, aliyerejea kutoka kiwandani, alipotokea akiibeba kompyuta kwenda kwa Shangazi kule posta, Chapu nyuma yake akiwa na diski na daftari.

"Kulikoni, jirani? Umeme huo?" Redio aliuliza. "Kwangu taa ilipepesa jana!"

Baba akamgeukia Chapu. Chapu akatikisa kichwa kukubali. Ni hapo ule moshi wote ulipozaliwa.

Shangazi aliifungua mashine, akaiwekea sikio kama daktari. "Diski ya ndani imekufa," alisema. "Na huu si ugonjwa wa siku moja. Haya, tusilie. Leteni akiba."

Alichomeka ile diski ya nje kwenye mashine yake. Folda ilifunguka. Ndani kulikuwa na alama moja tu, yenye mshale mdogo pembeni. Shangazi aliibonyeza. Kompyuta ikajibu: *Haipatikani.*

"Ziko wapi picha?" Baba aliuliza.

"Hakuna picha humu, kaka. Hii ni njia ya mkato. Ni kama kibao cha barabarani kinachosema 'studio iko kule'. Mtu amenakili kibao. Studio yenyewe hakuinakili."

"Haiwezekani," Baba alisema. Alichukua daftari kwa mikono miwili, akalifungua mezani katikati ya bisibisi. "Tazama. Kila Ijumaa. Harusi ya seremala, imefunguka. Watoto wa darasa la nne, imefunguka. Mzee wa saa, imefunguka, iko sawa. Ameandika mwenyewe!"

Shangazi hakulitazama daftari. Alimtazama Chapu. "Mzee wa saa ulimfungua wapi, mwanangu?"

Chapu alitazama sakafu. Palikuwa na parafujo ndogo chini ya meza, aliihesabu moja, mbili, tatu. "Labda ule umeme..." alianza.

"Nimekuuliza ulimfungua wapi."

"Sikumfungua." Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine. "Sikufungua hata moja."

Baba alilifunga daftari polepole, kama mtu anayefunga macho ya maiti.

"Na ile programu niliyokuletea?" Shangazi aliuliza. "Ilikuwa na kasoro gani?"

"Ilikuwa inalalamika. Siku ya kwanza ilisema faili thelathini na saba hazikusomeka. Siku ya pili arobaini na moja. Nikaona imeharibika."

Shangazi akakaa. Alikuwa mwanamke asiyekaa akiwa kazini. "Ilikuwa inakuambia diski inakufa," alisema. "Siku mbili mfululizo ilikuambia ukweli, ukaifuta. Ungenipigia simu siku ile, Chapu, ningebadilisha diski na tungebaki na karibu picha zote. Ukamchukua mwingine anayekupa maputo."

Alijaribu kuziokoa kwa siku nne. Aliitoa ile diski iliyokufa, akaibembeleza kwa kila ujanja aliokuwa nao, akaipumzisha, akairudia. Harusi zilirudi nyingi. Za shule zilirudi nusu. Siku ya nne folda ya ZINASUBIRI ilitokea, majina yote yakiwa kamili, na Chapu akashika ukingo wa meza. Shangazi alifungua ya kwanza: kijivu kitupu. Ya pili: kijivu. Ya Mama Pacha ilifunguka kidogo juu, utepe mwembamba wa kitambaa cheupe. Chini yake, pale ambapo palipaswa kuwa na watoto wawili na sikio lililoshikwa, palikuwa kijivu mpaka mwisho.

Chapu alitegemea kupigwa. Angefurahi kupigwa. Baba alirudi studio, akakaa kwenye kigoda cha wateja, mahali ambapo hajawahi kukaa, nyuma yake kile kitambaa.

"Mashine kufa ni kazi yake," alisema. "Zote hufa, ndiyo maana tuliweka diski ya nje. Kwa hilo sina ugomvi na wewe. Na kuchagua programu mbaya, mtoto anaweza kukosea, hata mimi ningekosea. Lakini ulinipa uongo ulioandikwa kwa mwandiko mzuri, nami kwa uongo huo nikafuta kadi ya kamera kwa mkono wangu. Kila Jumamosi. Unaelewa? Umenitumia mimi kuzifuta."

"Nisamehe, Baba."

"Mimi ni mmoja tu. Wenye picha ni wengi. Nimewaandika hapa." Alimpa karatasi. "Utawaendea mmoja mmoja. Na usiwaambie habari za umeme."

Jioni ile Miwani alimshauri kwa sauti ya chini, "We sema tu umeme. Mtaa mzima unaamini. Nani atakujua?" Chapu aliikunja karatasi yake, akaingia ndani. Tangu siku ile mpira ulidunda ukutani kwa mtu mwingine.

Karatasi ilikuwa na majina kumi na mawili. Mzee wa saa alimsikiliza mpaka mwisho, lenzi yake ya kukuzia bado jichoni. "Kaka yangu alikufa mwezi uliopita," alisema. "Nilikuwa nakuja wiki hii." Kisha akarudi kwenye saa yake, na Chapu akasimama pale mpaka alipogundua kwamba ameshaagwa. Yule mjane alimwambia maneno ambayo Chapu hakuyarudia kwa mtu yeyote. Wengine walisema si kitu, na hao ndio waliomuumiza zaidi.

Redio aliposikia ukweli aliangusha sabuni. "Aa, mwanangu, usiniharibie! Umeme wangu ulikuwa mzuri. Huo wako nitamsimulia nani?" Na mpaka leo anasimulia ule wake.

Kwa Mama Pacha Chapu alikuta kufuli. Majirani walisema amekwenda kukaa kwa mama yake, na hakuna aliyejua atarudi lini. Jina moja likabaki kwenye karatasi bila kukatwa.

Studio ilipata diski mpya, na Mnung'unikaji akarudishwa mahali pake. Sasa kuna akiba mbili: moja nyumbani, nyingine kwenye kabati la Shangazi kule posta, na hubadilishana mahali kila mwezi. Kunakili kukichukua asubuhi nzima, Chapu hukaa asubuhi nzima. Ikitokea herufi moja nyekundu, hupiga simu kabla hajainuka kwenye kiti. Na kila Ijumaa hurejesha picha moja, Baba akiwa amesimama nyuma yake, mpaka wote wawili waione.

Ijumaa ya kwanza ya utaratibu huo Shangazi alikuja kushuhudia. Picha ilipofunguka, Chapu alitaka kutabasamu, lakini Shangazi alimwekea mkono begani.

"Sikia, mwanangu, ulisikie mara moja. Anayekuambia kasoro yako mapema, awe mtu awe mashine, huyo ndiye wa kukaa naye. Na ukiandika 'nimefanya' mahali ambapo hujafanya, kuna mtu atayaegemea maneno hayo kama ukuta, bila kujua kwamba ukuta haupo. Kazi unaweza kuirudia. Anayeanguka huwezi kumrudisha juu."

Chapu aliyaandika maneno hayo nyuma ya daftari. Safari hii kweli aliyaandika kwa sababu aliyasikia.

Miezi sita ikapita. Ijumaa moja Baba alikuwa amekwenda dukani kununua karatasi, na Chapu alikuwa ameketi akimngoja ili warejeshe picha ya wiki. Mlangoni pakatanda kivuli. Mwanamke alisimama pale pale aliposimama zamani, amemshika mkono mtoto anayejifunza kutembea. Safari hii aliingia.

"Shikamoo, Mama," Chapu alisema, na kiti kikalia chini yake.

"Marahaba, mwanangu. Baba yupo?"

"Ametoka kidogo. Anarudi."

"Basi hata wewe unatosha. Ninyi si kampuni?" Mama Pacha alitabasamu kidogo, akaketi kwenye kigoda. Mtoto alimwachia mkono, akatembea hatua nne za kulewalewa mpaka kwenye kitambaa cheupe, akakishika pindo na kujifunika uso.

Mama Pacha alifungua mkoba, akatoa fremu mpya ya mbao, kioo chake bado kina karatasi ya dukani. Akaiweka juu ya meza kando ya kibodi.

"Nimepita kwa jirani yenu, kanieleza habari za umeme," alisema. "Nikamwambia, yule mpiga picha alinipa neno lake. Alisema itanisubiri." Akaubandua ule mfuniko wa karatasi, akaukunja vizuri, akapitisha mkono juu ya kioo kitupu. "Njia nzima nilikuwa naogopa miguu itanirudisha nyuma. Lakini nimefika. Leo nimeweza, mwanangu. Naomba picha ya wanangu."